Niite Dada

Pwata, pwata, pwata. Gizani, kabla majogoo hayajakubaliana nani aanze, Skola alisikia kandambili zikiburuzwa sakafuni. Zilikuwa zake, ila aliyezivaa alikuwa Yunis, bintiye wa miaka mitano.

"Sasa utaondokaje?" mtoto aliuliza. "Viatu ninavyo mimi."

Skola alicheka, akambeba hadi kitandani kwa bibi yake. Kisha akavaa raba, akatoka Magomeni, pale Kilosa mjini, kwa kunyata, kama mtu aliyeiba. Kila siku mchana alichora kuta za saluni, jioni alisoma, na muda wote huo alikuwa akiiomba nafasi hii: likizo nzima kwenye kambi ya sanaa porini, nje kidogo ya Mikumi. Kulala huko, kula huko, kazi kuchora tu.

Alipofika stendi ya Mikumi, mabasi ya Iringa yalikuwa yamezingirwa na wauza korosho. Katika kuwakwepa aligongana na kijana mrefu, jinzi yake imetapakaa rangi za kila namna.

"Pole, kaka."

"Usinipe pole. Mimi nachora malori, dada'ngu. Ningegongwa na mojawapo ningekufa. Wewe umenigonga, naona ndiyo naanza kuishi."

"Na hayo maneno umeyasoma nyuma ya lori gani?"

Kijana alicheka mpaka akashika tumbo. Aliitwa Zabron, mzaliwa wa Ulaya. "Ulaya ya Kilosa," aliharakisha kuongeza, "usije ukachangamkia viza." Naye alikuwa akielekea kambi hiyohiyo. Walipokuwa wakisubiri gari, simu ya Skola iliwaka, na sura ya Yunis ikajaa kwenye kioo.

"Mdogo wako? Mmefanana macho."

Ukweli ulikuwa mwepesi kama kusema hapana. Lakini Skola alikumbuka wanaume waliosikia neno mtoto, wakasema "nitakupigia," na hadi leo hawajapiga. Baba wa Yunis mwenyewe alishaoa kule Dumila.

"Ndiyo," alisema. "Kitindamimba wetu."

Kambini waliamshwa na ndege, wakalala wananuka moshi wa kuni. Nyani waliwaibia sabuni. Mwalimu Hildegarda, mama wa kilemba cha batiki, aliwafundisha kusaga udongo mwekundu na mkaa kuwa rangi. Tatizo lilikuwa simu. Mtandao ulishika juu ya kichuguu kimoja tu, hivyo kila jioni watu walipanga foleni pale, na mazungumzo ya mmoja yakawa ya wote.

Siku ya pili alfajiri, wenzake wakiwa mtoni, Skola alikipanda kichuguu peke yake.

"Mama, naomba umfundishe Yunis aniite dada. Kwa muda tu."

"Mimi? Nimfundishe mtoto kumkana mama yake? Huyu hapa, mfundishe mwenyewe."

Akamfundisha. "Tunacheza mchezo, mama'angu. Kwenye simu niite dada Skola."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nirudi."

Yunis hakukosea hata mara moja. Kila jioni ilikuwa "Shikamoo, dada Skola," na kila jioni Zabron alisimama chini ya kichuguu, ameshika kitenge cha Skola, akipaza sauti: "Msalimie shemeji yangu!" Walikuwa wameshapendana. Alimmenyea viazi, alimpaka udongo puani, alimwita "rangi yangu". Skola alicheka naye. Akaanza kuchora uso wa Yunis. Macho yalikubali, paji la uso likakubali. Kila alipofika kwenye mdomo, mkono ulisita.

"Mbona mdogo wako hana mdomo?" Zabron aliuliza.

"Bado."

Siku ya maonyesho ndugu walialikwa. Bibi alikuja amenuna. Yunis, ndani ya gauni la njano la kanisani, alisimama mbele ya watu wote, mikono nyuma kama anayekariri shairi.

"Shikamoo, dada Skola!"

Kisha akamvuta sketi na kumnong'oneza, mnong'ono wa kitoto unaosikika hadi barabarani: "Mama, nimeweza?"

Zabron aliweka soda yake mezani polepole, akatoka. Skola alimkuta nyuma ya mahema.

"Zabron, mpenzi, niliogopa utanikimbia."

"Una mtoto, sawa. Mimi nimelelewa na mama peke yake. Angenifundisha kumwita dada... Kutoniamini mimi, hilo nitalimeza, Skola. Lakini yule? Yeye alikukosea nini?"

Skola alirudi kumchukua mtoto. Njia nzima ya kurudi Kilosa alimpakata Yunis, na mtoto akawa mzito kuliko begi.

Nyumbani, wakati wa kulala, Yunis aliuliza: "Leo ni mama au dada?"

"Ni mama. Mchezo umeisha."

"Na kesho?"

"Kila siku ni mama." Lakini mtoto, kwa kuogopa kukosea, aliacha kumwita kabisa. Akitaka maji, alimvuta sketi.

Wiki zikapita. Siku moja simu iliita.

"Anakuitaje siku hizi?" Ilikuwa sauti ya Zabron, malori yakinguruma nyuma yake.

"Haniiti."

"Naomba nije Jumapili."

"Kunisema?"

"Kula, rangi yangu. Kujisema mwenyewe nimechoka. Niliondoka bila kumuaga mtoto."

Jumapili wali ulikuwa jikoni pikipiki iliposimama nje. Skola alichungulia kwenye upenyo wa mlango. Zabron, shati jeupe lililopigwa pasi, amekumbatia ile picha isiyo na mdomo ambayo Skola aliiacha kambini, alichuchumaa kibarazani mbele ya Yunis.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Nimemletea mtu picha yake aimalizie, ila sijui yuko wapi." Akaziangalia kandambili zilizoizidi miguu ile midogo. "Kwani hizo za nani?"

Yunis aligeuka kutazama jikoni, akisubiri aambiwe. Skola alishika mwiko kwa mikono miwili. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Safari hii hakutaka kumfundisha neno.

Mtoto akainua mguu mmoja, akaitazama kandambili, akasema kwa sauti:

"Hizi ni za mama yangu."