Feruzi Halinyweshwi Maji

Kitambaa kilikuwa kikavu fundi wa vito alipoanza kuifuta bangili ya feruzi. Alipoizungusha mara moja tu, kilikuwa kimelowa chapachapa.

Fundi akaitazama meza. Hapakuwa na bakuli wala kikombe. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwonya kila mteja vilevile: "Feruzi ni jiwe lenye kiu, dada. Likinywa, rangi inakufa. Futa kwa kitambaa laini kikavu, basi." Majirani walimtania kwamba mvua ikinyesha huanua feruzi kwanza, watoto baadaye.

Utani ulikoma bintiye alipofariki. Bangili hii ilikuwa ya binti huyo.

"Mama," ikaita sauti mezani, ndogo, iliyokauka. "Nina kiu."

Harufu ya dawa za hospitali ikajaa chumbani, mchana kweupe, naye akakiona tena kile kitanda, akasikia tena madaktari wakisema mtoto asinywe chochote kabla ya upasuaji, na yeye akatii, akageuza uso asiione ile midomo iliyopasuka, akawa anasema subiri kidogo mwanangu, subiri kidogo tu, mpaka kitanda kikasukumwa ndani na mlango ukafungwa.

Mumewe aliingia, akamsogezea kiti taratibu.

"Umesikia, baba?" akanong'ona.

"Tangu juzi, mke wangu. Nilishindwa kukuambia." Akamshika mkono. "Nimekwenda kwa mganga. Anasema huyo si mwanetu. Ni jini, ameazima sauti. Tusimpe maji siku saba, ataondoka. Akinywa, tumemkaribisha."

"Na kama ndiye?"

Mume alimfuta machozi kwa kiganja.

Wakavumilia. Siku ya saba mume alikwenda kumleta mganga aje kufunga kazi. Sauti ilikuwa imefifia, inakwaruza kama ukucha kwenye bati.

"Mama. Hata tone."

Mama gani angekataa mara mbili? Alijaza kikombe, akaizamisha bangili. Jiwe likanywa, maji yakapungua huku anayaona, na ile buluu ya mbingu ikageuka kijani cha ukungu, kisha nyeusi.

"Ahsante," ikasema sauti nene asiyoijua, kwa upole. "Mwanao hajawahi kukuita hata mara moja."

Nje, mume alikuwa akimkaribisha mganga mlangoni. Fundi akainuka, akakomea mlango wa chumba, akamimina kikombe cha pili.

"Najua," akasema. "Lakini tumia sauti yake."