Kaka Alichana Viti vya Gari Langu la Nje

Kisu kiliingia kwenye kiti cha nyuma cha gari langu, chwaaa! Kikashuka mpaka chini.

Na aliyekishika ni kaka yangu wa tumbo moja!!

"Msaliti!" alifoka. "Unakula kwetu, unanunua kwa watu!"

Zamu nzima ilikuwa imelizunguka gari pale maegesho ya kiwanda. Wanapiga makofi. Mmoja akalitemea mate boneti.

Mimi sikumzuia. Msinihukumu mapema jamani... nilikuwa na sababu yangu.

Iko hivi. Kiwanda chetu kinatengeneza magari ya hapahapa nyumbani. Mimi nashona kava za viti, mwaka wa saba sasa. Shule niliishia ya msingi, ila cherehani naijua kuliko kiganja changu. Kaka ni msimamizi wa stoo, na ndiye kinara wa ile kauli ya ukutani: NUNUA CHA NYUMBANI. Watu wamembatiza Mzalendo.

Mauzo yameshuka, watu wanapunguzwa kazi. Kwa hiyo ukionekana na gari la nje, mchawi ni wewe.

Nami nikanunua la nje. Kuukuu. Mama yetu anatembelea kiti cha magurudumu, na kiti kile hakiingii kwenye buti la gari la kiwanda chetu hata ukikipaka mafuta.

"Si ungeazima langu?" kaka alinisuta siku ya kwanza.

"Nimeliomba mara nne, tukilaze kiti cha mama kwenye siti za nyuma. Ulisema magurudumu ya mama yatalichubua."

Wenzake walicheka. Hilo hakunisamehe. Ndipo akaitisha kikao hapo maegesho, ajenda moja tu: nifukuzwe kazi.

"Chagua!" alinguruma, kisu mkononi. "Gari hili au cherehani!"

"Bado kiti cha pili, kaka. Kata. Ila fuata mshono."

"Kachanganyikiwa huyu!" mtu akapiga kelele.

Kaka akakata. Sponji ikachomoza... na kwenye upindo wa ndani kikaning'inia kitu cha kijani.

Mama Pacha, tunayekaa naye cherehani kwa cherehani, akaacha kupiga makofi.

"Ngoja kwanza... Wee! Hilo si fundo lako?"

Kiwandani kwetu kila mshonaji ana alama yake. Ukimaliza mshono wa ndani, unafunga mafundo ya uzi wa rangi yako, ili kava likirudi na kasoro ijulikane nani wa kufokewa. Langu ni kijani, mafundo matatu.

"Gari la nje hili!" Mama Pacha akashika kichwa. "Fundo lako limefikaje humo?"

"Kwa kontena, dada. Zile kava tunazoambiwa ni za akiba, huwa zinapelekwa wapi? Hili nililishona mwaka wangu wa kwanza. Likaenda nje, likavalishwa gari, gari likachakaa huko, likaletwa kwetu."



Mwezi mzima nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nafuta makombo ya mama, vidole vikautambua mshono wangu. Lakini mimi nani nibishane na kauli ya ukutani? Nikasubiri mwenye sauti kubwa anifungulie mwenyewe, mbele za watu.

Kaka akaanza kukunja kisu.

"Usikunje. Kuna gari moja limebaki. Lako."

"Langu ni la hapa! Kila mtu anajua!"

"Basi unaogopa nini, Mzalendo?" Mama Pacha akampokonya kisu.

Kaka akatanua mikono mlangoni kama golikipa. "Msiguse kiti changu!"

Mkuki kwa nguruwe, eti?

Walimsogeza. Mama Pacha akafumua mshono mmoja tu, kwa adabu. Ndani hapakuwa na fundo la mtu yeyote. Palikuwa na lebo nyeupe, maandishi ya kigeni ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma.

"Siku hizi kava za gari letu zinakuja kwenye maboksi, zimeshashonwa," nilisema. "Na maboksi yote hupitia stoo. Nani anayapokea, kaka?"

Akageuka kutaka kuondoka.

"Nani anasaini?!" nikamkazia.

"Meneja alisema nikinyamaza, stoo haitaguswa..."

Washonaji wanane walikuwa wameshaondolewa, wakiambiwa walioua kazi yao ni wanunuzi wa magari ya nje. Na aliyewahutubia hivyo, juu ya meza, ni yeye!!

Mate yaliyokuwa kwenye boneti langu yakahamia usoni kwake. Hoja ya kunifukuza haikutajwa tena. Wote wakaelekea ofisi ya meneja, lebo ikiwa mkononi mwa Mama Pacha.

Viti vyangu nilivishona upya, kwa uzi wa kijani, nikauacha uonekane.

Juzi kaka kapiga simu. Gari lake la nyumbani limezima, wiki ya tatu linasubiri kifaa... kutoka nje.

"Dada, nipitie basi."

Nikampitia. Mama kakaa mbele, akamtazama kwenye kioo, akaguna tu.

Ndugu msomaji, mtu akikunyooshea adui kwa kidole, usikimbilie kumtazama adui. Utazame kwanza mkono wake wa pili umeshika nini.

Kaka alitaka kukaa upande mzima wa kiti.

"Hapana," nikamwambia. "Kalia ulipochana."