Anarudia

Rosemary, jirani yake Oliva, aliapa kwa mama yake mzazi kwamba Edson alifeli udaktari. "Kama alifaulu, mbona anakwenda kuusomea tena? Huyo anarudia, kama watoto wanaofeli darasa la nne!"

Oliva aliamini. Alikuwa akimsubiri Edson tangu siku ile boksi lake la vitabu lilipopasuka stendi ya Makambako, akibadilisha basi kwenda kwao Njombe. Oliva aliacha chai ya biashara ikichemka, akalifunga boksi kwa mtandio wake wa manjano. Mapenzi yakaanzia hapo. "Nikimaliza tu, mama, natuma mshenga," Edson alisema. Akamaliza, akaitwa Dokta. Mshenga hakuonekana.

Basi alipopita tena, amependeza kwa koti la kijivu, Oliva alimmiminia chai akamnong'oneza:

"Pole, mpenzi. Hata mimi nilirudia la nne."

"Pole ya nini?"

"Si umefeli udaktari?"

Edson alicheka mpaka chai ikamwagikia koti. Wateja wakageuka. "Oliva wangu jamani! Sikufeli. Ule ulikuwa udaktari wa chuo, wa sayansi ya udongo, sasa naenda Ulaya kusomea wa historia. Wa pili huo!"

Tangu hapo Edson akipiga, simu ya Oliva ikawa inaita tu. Ukungu ulishuka, wateja wakatawanyika, na Oliva akabaki anasuuza vikombe vilivyokwisha takata. Asubuhi moja akapokea.

"Kamwene, ua langu. Bado umenuna?"

"Kamwene," Oliva akaitikia salamu. "Sijanuna, nawaza."

"Sikukucheka wewe. Nililicheka neno."

"Neno lilikuwa langu, Edson."

Akakohoa. "Nisamehe. Ndiyo nasafiri leo, basi linapita hapo. Nichemshie chai."

Alishuka na ule mtandio wa manjano shingoni. Oliva akashindwa kujizuia.

"Dokta mzima na mtandio wa kike!"

"Unanukia moshi wako." Akamshika mkono. "Nisubiri, mama. Nikimaliza tu..."

Oliva akautoa mkono taratibu. Kumbe Rosemary hakukosea sana. Kweli kuna kitu Edson alikuwa anarudia.

"Usimalize kwanza," alisema. "Baba yupo nyumbani, Mlangali. Mpigie mjomba wako sasa hivi, aende kwa baba na posa. Hapa hapa, nikisikia."

Konda akapiga bodi la basi. "Wa Dar, tunaondoka!"

Edson akatoa simu mfukoni. Akaitazama, akalitazama basi. Chai ilikuwa inapoa.