Siku ya Arobaini ya Bibi Tekla

Taulo ndilo lililomtoa Mwamvita nyumbani jioni ile. Kituo kipya cha masaji pale Soweto, Mbeya, kilikuwa na masharti kwa mteja wa mara ya kwanza, na sharti la tatu lilisema aje na taulo safi, lisilo na maandishi. Katika miaka kumi na tisa ya ukarani kwenye ofisi ya kata, Mwamvita alikuwa amegawiwa mataulo sita, na yote yalikuwa yanahimiza jambo fulani. Moja chanjo, moja sensa, manne yaliyobaki matumizi bora ya choo.

Akanunua jeupe, kisha akapitia kituoni kuchukua fomu.

"Ujaze nyumbani, mama, uje nayo kesho saa nne kamili," alisema Nasrin, binti wa mapokezi. "Leo uoge maji ya moto, uvue mapambo, na usiwe na mawazo."

"Na hilo la mawazo lina fomu yake?"

"Hilo tunakuamini tu." Nasrin alicheka. "Kwani kinachouma nini?"

"Kiuno. Nikiinama, kuinuka ni mpaka nishikwe mkono. Na mwanangu Hanifa yuko Iringa, anajifungua mwezi ujao. Nani atamkanda kama si mimi?"

"Maji ya moto siku arobaini, na kiuno hicho?"

"Ndiyo maana nimekuja kwenu."

Alifika nyumbani ukungu ukiwa umeshashuka. Mumewe, Selemani, alikuwa Igawa kununua mchele, angelala hukohuko. Mwamvita akaswali magharibi, akawasha taa, akaweka karatasi ya kaboni katikati ya fomu na karatasi nyeupe. Hakuwahi kujaza kitu bila nakala.

Jina. Umri. Presha. Akashuka vizuri mpaka swali la saba.

*Je, umewahi kukandwa kabla? Na nani? Awamu ilikamilika?*

Mwingine angeandika hapana, akaendelea. Mwamvita hakuwa na uwezo huo. Nafasi iliyoachwa wazi ilimwasha kama upupu, na jibu la uongo lilimnyima usingizi.

Kalamu ikasimama.

Alikuwa amekandwa. Miaka ishirini na minne nyuma, wakati Selemani ana duka Igowole na Hanifa ni kichanga. Mkandaji alikuwa jirani yao, Bibi Tekla, mwanamke mkavu mwenye viganja vya moto. Kila siku baada ya alasiri ndala zake zilisikika uani, beseni mkononi, maji yamechemshwa na majani ya mikaratusi. Alikuwa akikanda huku anahesabu siku. Na kila siku alisema lilelile.

"Siku ya arobaini nikimaliza, mtoto nitamtoa nje mimi. Si wewe, si baba yake. Mimi."

Usiku wa siku ya thelathini na tisa, Bibi Tekla akafa usingizini.

Wakamzika kesho yake mchana, wote isipokuwa Mwamvita, mzazi ambaye bado alikuwa ndani. Na baada ya alasiri, saa yake ileile, Mwamvita akasikia ndala uani. Akasikia beseni linatuliwa chini. Harufu ya mikaratusi ikapenya chini ya mlango.

Hodi.

Hakufungua. Alimkumbatia Hanifa kifuani mpaka Selemani aliporudi. Mtoto alimtoa nje mwenyewe kesho yake, na kabla ya mwezi kuisha walikuwa wameshahamia Mbeya.

Yote hayo hayakutosha kwenye nafasi ya swali la saba. Akaandika: *Ndiyo. Bibi Tekla wa Igowole. Siku 39 kati ya 40.*

Swali la nane: *Kama haikukamilika, unaridhia iendelee?*

Waliotunga fomu walikusudia awamu za kituo chao, bila shaka. Lakini kisanduku ni kisanduku. Akatia tiki kwenye Ndiyo. Akasaini. Kisha mkono, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, ukaingia mkobani na kutoka na muhuri wa ofisi, ambao yeye ndiye aliyeutunza kwa kuwa mtendaji alishaupoteza mara mbili.

Akagonga. Fomu, na nakala.

Jikoni, maji yakaanza kuchemka.

Hakuwa amewasha jiko.

Mwamvita aliweka kalamu chini. Aliwaza gesi. Aliwaza panya. Alikuwa anatafuta sababu ya tatu ndipo harufu ilipomfikia... mikaratusi, mibichi, iliyovunjwa kwa mkono.

Kisha ndala.

Taratibu. Kutoka jikoni. Zikapita sebuleni, zikasimama nyuma ya kiti chake.

"Lala," sauti ilinong'ona.

Hakugeuka. Alishuka kutoka kwenye kiti kama mtoto aliyeamriwa, akalala kifudifudi juu ya taulo jipya. Kitambaa cha moto kikatua kiunoni. Moto wa kuunguza. Alitaka kupiga kelele, lakini viganja vilikuwa vimeshashuka na kushika palepale. Palepale hasa. Vikaminya, vikavuta, vikasukuma mpaka kitu kilichokaza kwa miaka kikaachia ndani ya mfupa.

"Ulinifungia mlango," sauti ikasema.

"Niliogopa, bibi."

"Umeniita sasa. Basi."

Kitenge kikapita chini ya tumbo lake, kikazungushwa, kikakazwa kwa fundo. Kama afungwavyo mzazi.

"Arobaini."

"Asante, bibi," Mwamvita alinong'ona.

"Bado mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wa kutolewa nje."

Ndala zikaondoka. Mlango haukufunguka, haukufungwa.

Alipothubutu kuinua kichwa, hapakuwa na kitenge wala beseni. Jiko lilikuwa baridi. Akatambaa kwa magoti hadi mezani. Fomu ilikuwa palepale, na kwenye swali la saba ile 39 ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja, juu yake imeandikwa 40. Pembeni, kama taratibu za masahihisho zinavyotaka, paliwekwa alama ya dole gumba. Wino wake ulikuwa bado mbichi.

Mwamvita akapiga simu Iringa.

"Mama? Mbona unahema hivyo?"

"Adamu yupo?"

"Mume wangu tangu lini akawepo saa za isha? Yuko msikitini."

"Funga mlango, Hanifa. Usimfungulie mtu."

"Umefungwa. Halafu hawa jirani leo sijui wanachemsha nini. Mikaratusi nyumba nzima, mpaka mtoto anacheza tumboni."

"Hanifa, nisikilize..."

"Subiri, mama. Kuna hodi."

"Usiende!"

Simu ikajaa mkwaruzo wa nguo. Kwa mbali sauti ya mwanawe ikasalimia, shikamoo, sauti ya heshima aliyomfundisha mwenyewe. Kisha ikarudi karibu.

"Kuna bibi huku dirishani, ana beseni. Anasema amekuja kunitoa nje kidogo. Anasema umemwandikia wewe."

"Sijamwandikia mtu. Mwanangu, usitoke."

"Mama, karatasi anayo. Mwandiko ni wako. Ina muhuri wa ofisi yenu."

Mwamvita akatazama mezani. Fomu ilikuwepo. Karatasi ya kaboni ilikuwepo.

Nakala haikuwepo.

"Hanifa. Hanifa!"

Komeo likavutwa. Kisha ndala, jozi mbili, zikienda pamoja taratibu, zikififia.

Mwamvita akainuka kutoka sakafuni kwa mruko mmoja, akaukimbilia mlango. Kiuno hakikuuma hata kidogo.