Kiti Kilichosogezwa Kulia

Ninga, mwimbaji na kiongozi wa bendi, alibonyeza kitufe cha mdundo akasikia sauti ya bati, kama sufuria inayogongwa kwa kijiko. Akafungua kumbukumbu ya kinanda. Tupu! Kila kilichohifadhiwa humo kilikuwa kimefutwa.

"Mungu wangu! Nani kaingia humu?"

Kinanda kililetwa kwa majaribio. Mkono wa kushoto ukishika sauti tatu, besi na ngoma hufuata zenyewe. Alasiri hiyo Ninga alipaswa kuamua kama kinafaa jukwaani, na kila mtu alijua kikifaa, mpiga ngoma hana kazi tena.

Mpiga kinanda akaja mbio. Akasogeza kiti kulia, akaketi, akapiga wimbo mzima bila kukosea. Ngoma zilisikika kwa mbali, nyembamba kama uzi.

"Mashine mbovu hii, Dada. Irudi dukani."

Ninga akamwita mtunza ukumbi.

"Umeme ulikatika?"

"Ulikatika jana. Lakini usinisingizie, mama, mimi hata redio yangu inanishinda!"

Ninga alijua anasema kweli. Kisha akakumbuka kwamba hata umeme ukikatika, kinanda hiki hakisahau kitu; kuna mtu aliyefuta.

"Nani mwingine ana ufunguo?"

Mtunza ukumbi akamtazama mpiga ngoma, aliyesimama mlangoni. "Huyu mzee. Kila asubuhi anajifungia na hilo dude."

Ninga akapigwa na butwaa. Mzee huyu alikuwa naye tangu bendi ilipoanza.

"Ulikuwa unafanya nini humu, mzee wangu?"

"Kazi yangu."

"Kazi gani, na ngoma zako ziko kule?"

Mzee akaingiza mikono mifukoni. Mpiga kinanda, mtoto wa kaka yake mzee, ambaye mzee mwenyewe alimlea tangu utotoni, akainamisha kichwa.

Ninga aliketi kwenye kinanda ajaribu mwenyewe. Akaanza wimbo pale anapouanza siku zote, mara besi ikanguruma chini ya vidole vyake. Akashtuka, akainua mikono. Kinanda cha namna hii kina mpaka: kushoto kwake ni besi na ngoma, kulia ni wimbo. Mtu alikuwa ameusogeza mpaka kulia, amepunguza na sauti ya mdundo, ili kinanda kionekane kibovu.

Kisha akakitazama kiti. Yeye alikosea kwa sababu hakujua. Mbona mwenzake hakukosea?

"Wewe," akamwambia mpiga kinanda. "Ulisogeza kiti kabla ya kugusa chochote. Nani alikuambia mpaka umehama?"

Kijana akainua kichwa. "Ulitaka kumfukuza baba mdogo! Kanilea huyu! Nikae jukwaani nibonyeze kitufe, yeye akae nyumbani?"

"Na ukaniacha nimshuku yeye?"

"Sikudhani ungemshuku."

Mzee akasogea karibu na kinanda. "Umefuta na vilivyohifadhiwa kwenye kitufe chekundu?"

"Vyote, Baba Mdogo. Vilikuwa midundo ya dukani tu."

"Ilikuwa midundo yangu."

Mzee akatoa mikono mifukoni. Vifundo vilikuwa vimevimba, vidole havikunjiki.

"Nilikuwa nairekodi. Asubuhi maumivu hupungua kidogo. Napiga kipande, napumzika, napiga kingine. Nilitaka nikistaafu uwe unapiga na mimi bado. Nilificha ili Ninga asinihurumie."

Kijana akapiga magoti.

"Nisamehe. Tutairekodi tena."

"Kwa mikono ipi?"

Mzee akaokota fimbo zake kwa viganja viwili, kama mtu anayebeba maji, akaziweka mapajani pa kijana.

"Inuka ukae kwenye ngoma. Nitakutajia kwa mdomo. Ninga, washa hiyo mashine irekodi."

Akaanza, "Du, taka-du, taka…" Kijana akapiga, huku machozi yakimtoka.

"Siyo hivyo," mzee akasema. "Tena."