Bolti ya Nne

Umewahi kukaa kwenye kiti cha gari kinachocheza, ukasikia kabisa kwamba kinacheza, kisha ukageuza uso ukatazama nje dirishani. Usinibishie. Ulijiambia kwamba mwenye gari anajua, au fundi anajua, au yule mtu mzima aliyekaa nyuma yako atasema. Hakuna aliyesema. Siku hiyo mliteremka salama, mkasahau. Mimi sijasahau, kwa sababu siku moja gari lilikuwa letu, na aliyejua alikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alikuwa muuguzi wa zahanati, na kila asubuhi aliwasha gari letu dogo na kuliacha lingurume uani huku mimi nikifuta vioo. Kazi hiyo niliipenda. Nilichokichukia kilikuwa ndani. Viti vya mbele vilikuwa vimechoka hadi springi zimetoboa kitambaa, na Mama alizifunika kwa kipande cha godoro na shuka kuukuu. Tulipofika kwenye lango la shule, wenzangu walikuwa wameshajipanga ukutani. Mbele yao alisimama msichana mrefu tuliyemwita Redio, kwa sababu hakuna aliyejua pa kumzimia. Redio alitangaza kwamba muuguzi amefika, kila mtu akunje mkono wa shati, sindano ziko kwenye viti. Walicheka kila asubuhi kana kwamba mzaha huo umezaliwa leo. Niliteremka nikitazama viatu vyangu.

Nilimsumbua Mama kwa miezi miwili. Hatimaye akapata viti viwili vya mbele vya gari kubwa lililogongwa nyuma na kuuzwa vipande vipande. Vilikuwa vya ngozi nyeusi, vina mahali pa kuegemeza kichwa. Nilipokalia kimoja pale uani, kikiwa juu ya matofali, nilijiona waziri. Kesho yake nikamwambia Redio kwamba Jumatatu asimame mbele kabisa, aone waziri akiteremka.

Viti tulivipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu, mzee ambaye kila mtu alimwita Taratibu. Jina hilo lilitokana na mwendo wake wa kazi. Alipima, akanywa chai, akapima tena. Watu walimtania kwamba ukimpelekea gari la harusi utalichukua mtoto wako wa pili akianza shule. Lakini gari lililotoka kwake halikurudi kwa tatizo lile lile.

Alivizunguka viti vyetu, akakuna kidevu. Alimweleza Mama kwamba kila kiti kinashikwa sakafuni na bolti nne, na sakafu ya gari letu ilitobolewa kwa ajili ya viti vyake lenyewe. Bolti mbili za mbele zingeingia. Za nyuma zilikuwa mbali na matundu yake kwa upana wa vidole vitatu. Ilibidi akate vipande vya chuma kinene, achomelee nati juu yake, kisha avifunge chini ya sakafu. Halafu akamwonyesha kishikizo cha mkanda. Kwenye viti hivi kilifungwa kwenye kiti chenyewe, kwa hiyo kiti kikiachia, mkanda nao unaachia. Akaomba apewe wiki nzima.

Nilimvuta Mama mkono. Mama akamwomba amalize Jumamosi. Taratibu hakupenda, lakini mwaka uliotangulia Mama ndiye aliyemshona kidole kilipokatwa na msumeno wa umeme, akaona haya kumkatalia.

Jumamosi Mama alikuwa zamu, nami nikabaki gereji. Kiti cha dereva kilikamilika adhuhuri. Kwenye kiti cha abiria fundi alikuwa amefikia bolti ya nne, ile ya nyuma upande wa ndani, mteja alipomwita langoni. Alinipa spana, akanionyesha namna ya kuzungusha, akasema, "Ikizunguka bila kukaza, niite. Tutatoa kiti, nitengeneze kipande kingine, na Jumatatu mtatumia kile cha zamani."

Nilizungusha. Bolti ilikaza kidogo, kisha kitu kikalegea huko chini, na spana ikawa inazunguka kama kijiko kwenye kikombe. Nilizungusha mara kumi na moja. Nilijua maana yake, maana nilikuwa nimeambiwa dakika tano tu zilizopita. Lakini nilimwona Redio ukutani. Niliona shuka kuukuu likirudishwa.

Taratibu akarudi akifuta mikono. "Imekaza?"

"Imekaza."

Akanitazama kidogo, akashusha zulia juu yake.

Jumatatu Redio alikosa la kutangaza. Utukufu wangu ulidumu siku moja. Jumanne kiti cha abiria kilianza kugonga kwenye kila kona, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi bila kuchoka. Mama alikisikia. Alisema viti vipya bado vinalizoea gari. Jumatano tulimpa lifti jirani yetu mwalimu. Alishika dashibodi kwa mkono njia nzima, hakusema neno, na aliposhuka akashukuru kwa adabu. Mimi nilikaa nyuma. Unajua nilifanya nini? Niliusukuma mkoba wangu wa shule chini ya kile kiti, nikaubana kwa miguu, ili mlio usisikike.

Alhamisi Bibi, mama yake Mama, alipanda ili apelekwe zahanati kupimwa macho. Nilimfungulia mlango wa mbele, nikamfunga mkanda kwa mikono yangu. Bibi alijilaza akasema kiti ni kitamu mno, wakifika wasimteremshe, wamletee daktari humo humo. Tukacheka. Tulipokata kona ya soko, baiskeli ikakatiza na Mama akakanyaga breki. Haikuwa breki kali. Dereva yeyote huikanyaga mara kumi kwa siku. Kiti kiliinuka upande wa ndani, mkanda ukalegea pamoja nacho, na Bibi akatupwa kwenye mlango, mkono wake chini ya uzito wa kiti chote. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Jioni ile ile Mjomba, kaka yake Mama, alilipeleka gari letu gereji akifuatwa na nusu ya mtaa. Nami nilikuwemo. Alimwita Taratibu mlevi, ingawa mzee hakuwahi kuonja, akamwambia kwamba kwa miaka yote ile alikuwa akijifanya mtaratibu ili asijulikane kuwa hajui kazi. Taratibu alifuta mikono. Aliingia kwenye gari, akafunua zulia, akaichomoa bolti ya nne kwa vidole viwili. Aliitazama. Kisha akanitazama mimi, juu ya mabega ya watu. Nikajua amejua.

Mjomba akamuuliza ana la kusema.

"Kazi ni yangu," alisema Taratibu.

Hilo tu. Angeweza kuninyooshea kidole. Nilisimama pale nikisubiri kidole hicho, na kilipokosa kuja nikarudi nyumbani nikala chakula changu chote. Naona haya hata kuandika kwamba nilikuwa na njaa.

Hadi Jumamosi wateja wawili walikuwa wameondoa magari yao. Moja lilivutwa kwa kamba likiwa halina magurudumu ya mbele yanayozunguka vizuri, mradi tu litoke kwake. Redio alichora kwa mkaa kwenye lango la gereji kiti chenye mabawa, akaandika chini yake: VITI VYA KWENDA MBINGUNI. Wenzangu waliangua kicheko. Nami nilicheka. Yote mengine nimejifunza kuyasema bila kutetemeka. Kicheko kile bado.

Jumapili Mjomba alikuja na karatasi. Alikuwa ameandika ombi kwa ofisi inayotoa vibali kwamba gereji ifungwe, na majirani kumi na wanne walikuwa wametia sahihi, mwalimu akiwemo. Kumi na wanne, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuinama kuitazama ile bolti. Ilibaki sahihi ya Mama. Mama alisema atatia asubuhi, kabla karatasi haijapelekwa.

Nilienda kumlisha Bibi uji kitandani. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta hadi juu ya kiwiko. Alikuwa akimwonea huruma Taratibu, akijiuliza mzee wa watu alipitiwa na nini, pengine ni uzee, pengine macho yameanza kumchezea kama yake. Kijiko kikanishinda. Nikamwambia kila kitu, pamoja na mkoba na kicheko.

Bibi alisukuma bakuli la uji kando kwa mkono wake mzima. Nilitamani anichape.

"Mbona unaniambia mimi?" akauliza. "Mimi mkono umeshavunjika, mjukuu wangu. Nenda kwa anayevunjwa sasa."

Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia. Aliketi ukingoni mwa kitanda, na nilipodhani atanifokea alisema kwa sauti ndogo kwamba na yeye aliusikia ule mlio tangu Jumanne, akachagua kuuita mazoea ya kiti kipya.

Asubuhi tulienda gereji pamoja, tukamwomba Mjomba aje na karatasi yake. Majirani walipoona karatasi wakaja bila kuitwa. Nilipita katikati yao. Nilimwamkia fundi, "Shikamoo," na sauti ikatoka nyembamba kama ya kifaranga. Akaitikia. Nikasema mbele ya watu wote kwamba bolti ya nne haikukaza, kwamba fundi aliniagiza nimwite nami sikumwita, kwamba aliponiuliza nilimdanganya kwa sababu sikutaka kuchekwa shuleni. Nikasema kwamba alijua tangu Alhamisi na akaninyamazia. Nikamwomba msamaha. Sikulia. Nilitaka kulia ili wanionee huruma, nikaona hilo nalo lingekuwa wizi.

Taratibu aliketi kwenye tairi. Alionekana mtu aliyeshushwa mzigo, na pia mtu aliyekasirika.

"Siku nne nimekusubiri," alisema. "Sikukutaja kwa sababu na mimi nina langu. Nilimuuliza mtoto swali ambalo ilinipasa niulize spana. Nilikuwa na haraka ya kuwafurahisha watu, nikafunika kwa zulia. Mama yako alisikia mlio. Mwalimu hapa alishika dashibodi kwa mkono, na Jumapili akashika kalamu kwa mkono huo huo. Kila mmoja wetu alikuwa na zamu yake ya kusema, akamwachia mwenzake. Lakini wewe, binti, ulijua kabla yetu sote. Ungesema Jumamosi, ungechekwa asubuhi moja. Kazi ikiwa haijakaza, sema haijakaza. Sema mapema, wakati bado ni aibu tu, kabla haijawa mkono wa mtu."

Mwalimu alikuwa wa kwanza kufuta jina lake kwenye karatasi. Mjomba aliichana mwenyewe. Hakuomba radhi kwa mdomo; watu wa aina yake huomba radhi kwa kuleta gari, na wiki iliyofuata alileta lake lifanyiwe breki. Wateja wale wawili walirudi, mmoja akidai kwamba hakuwahi kuondoka, alikuwa amelitembeza tu gari lake.

Viti vyetu Taratibu alivifunga upya, na safari hii alichukua wiki yake nzima bila mtu kumvuta mkono. Alipomaliza alimwita Mama, akaniita na mimi, akatulazimisha tushike kila kiti na kukitikisa kwa nguvu zetu zote. Hakikusogea hata unywele. Mimi nilisugua mkaa kwenye lango mchana kweupe, wenzangu wakipita. Redio alitangaza kwamba waziri amepewa kazi ya kufagia. Nikamwambia ni kweli, na kwamba ule mkaa ni wake, ashike brashi ya pili. Alisimama kidogo, kisha akaishika. Kwa wiki sita nilimfunga Bibi vifungo vya gauni kila asubuhi, na kila asubuhi alinishukuru, na shukrani hiyo iliniuma kuliko kiboko.

Sasa wewe. Kuna kitu unachokijua kwamba hakijakaza. Pengine ni kiti cha gari linalokupeleka shule, pengine ni kazi uliyosema umemaliza na hukumaliza. Na pengine hivi unavyosoma, kuna mtu anafokewa kwa kosa ambalo ni lako, naye amenyamaza anakutazama. Usisubiri siku nne. Usiende kumwambia rafiki, wala usiandike kwenye daftari. Acha kusoma. Simama, nenda kwa mtu huyo leo, useme mbele ya wale wale wanaomlaumu.