Kamba Mpya ya Bihogo

Nyumba ya Rogasian na Eufrazia iko Keza, wilayani Ngara, pale njia ya miguu inapoiacha barabara ya pikipiki na kuingia migombani. Kila asubuhi kazi za nyumba hiyo hufuata mpango uleule. Eufrazia hukamua ng'ombe. Kisha huchota majivu jikoni na kusugua masufuria mpaka yang'ae. Rogasian hubeba samadi na kuipeleka kwenye migomba na mibuni. Binti yao, Happyness, hunywa kikombe cha maziwa, huvaa sare na kwenda shule.

Ng'ombe wao aliitwa Bihogo. Hawakumnunua. Walipewa na Shangazi Domisiana wa Kibimba, dada wa baba yake Rogasian, wakati Happyness alipozaliwa. Kwa desturi yao, ng'ombe wa zawadi hauzwi bila kumjulisha aliyemtoa. Tena akizaa ndama jike, ndama wa kwanza hurudishwa kwa mtoaji kuwa shukrani. Bihogo alikuwa amezaa madume tu. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na kila Jumapili kanisani Eufrazia aliomba apatikane jike.

Asubuhi moja Rogasian hakubeba samadi. Alikaa kwenye kigoda, akigeuzageuza kitu kiganjani.

"Mama Happyness, njoo uone."

Eufrazia alijifuta majivu mikononi, akainama. Ilikuwa sarafu kubwa, nyeupe, yenye kung'aa. Upande mmoja ulikuwa na picha ya tembo.

"Ni kitu gani hiki?"

"Ni sarafu ya fedha. Sisemi pesa ya kununulia chumvi. Nasema madini yale meupe wanayotengenezea pete na mikufu. Ina uzito wa wakia moja, imeandikwa hapa. Watu hununua sarafu hizi, huzihifadhi, na bei ikipanda huziuza."

"Nani amekupa?"

"Gidioni, yule kijana wa pikipiki nyekundu anayekuja mnadani. Ameniachia hii moja niikague. Anazo nyingine, mfuko mzima."

"Nasi tutazilipia kwa kitu gani?"

Rogasian alitazama zizini.

"Bihogo?" Eufrazia aliuliza taratibu.

"Atakuja kumchukua Jumamosi."

Rogasian hakuwa mlevi wala mvivu. Alikuwa baba mwenye hofu. Kila msimu alihifadhi sehemu ya mapato ya kahawa kwa ajili ya masomo ya binti yake, na kila mwaka akiba ileile ilinunua vitu vichache zaidi. Alitaka kitu ambacho hakitayeyuka mikononi mwake.

"Na ndama aliye tumboni?" Eufrazia aliuliza.

"Ataondoka na mama yake."

"Na shangazi?"

"Tutamweleza baadaye."

"Baadaye lini? Akija kumtazama ng'ombe wake, nimwonyeshe mfuko wa sarafu?"

"Usifikiri nimekurupuka," alisema Rogasian. "Nimeipima, kama Gidioni alivyonishauri. Nimefungua redio yetu mbovu, nikatoa sumaku ya spika. Sarafu haikuvutwa hata kidogo. Chuma huvutwa, bati huvutwa. Fedha haivutwi."

Eufrazia hakujua chochote kuhusu fedha. Desturi, hata hivyo, aliijua vyema.

"Sitabishana nawe kuhusu sumaku," alisema. "Lakini ng'ombe wa zawadi hatoki katika zizi hili kimyakimya. Kesho tunakwenda Kibimba."

"Shangazi atanifokea."

"Atakufokea ukiwa bado una ng'ombe. Ni afadhali hivyo."

Shangazi Domisiana aliwahi kuishi Mwanza kwa miaka mingi. Marehemu mume wake alikuwa sonara, naye alimsaidia karakanani kupima uzito, kupiga tupa na kung'arisha pete. Mumewe alipofariki, alirudi Kibimba akalima maharage. Alikuwa mama mnyoofu, asiyependa maneno mengi wala uchafu.

"Shikamoo, shangazi," walisema wote wawili mlangoni.

"Marahaba. Mmekuja wawili, tena si siku ya mnada. Kuna msiba, au kuna ujinga?"

Rogasian alieleza habari yote akiitazama sakafu. Alipomaliza, shangazi alivuta pumzi.

"Kwanza ninawashukuru kwa kuja. Wapo ambao huuza kwanza, kisha humletea mtoaji kilo moja ya sukari. Sasa nipe hiyo sumaku yako."

Rogasian aliitoa mfukoni kwa fahari kidogo.

"Eufrazia, mwanangu, niletee ile sufuria."

Shangazi aliigusisha sumaku kwenye sufuria, kisha akaiachia. Sumaku ikaanguka chini.

"Rogasian, sufuria yangu ni fedha?"

Eufrazia aliuma pindo la kitenge ili asicheke.

"Hapana, shangazi. Hiyo ni alumini."

"Nayo haikuvutwa. Shaba haivutwi. Risasi haivutwi. Sumaku ikiivuta sarafu, umejua kwamba si fedha halisi. Isipoivuta, bado hujajua chochote."

"Lakini inang'aa, shangazi. Itazame."

Shangazi aliingia chumbani, akarudi na kitambaa kilichokunjwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na sarafu ya zamani ya rupia, kumbukumbu ya mume wake. Ilikuwa imefifia na kuwa na weusi pembeni mwa maandishi.

"Hii ndiyo fedha halisi," alisema.

"Maskini, imechafuka!" alisema Eufrazia. Mkono wake, uliozoea masufuria, ulikwisha kuchota majivu kwenye jiko lililokuwa karibu na kuanza kushuka juu ya rupia.

Shangazi aliudaka.

"Weka majivu chini!"

Eufrazia alishtuka, akayamwaga yote miguuni mwa Rogasian.

"Samahani, shangazi. Nilitaka kuisafisha tu."

"Najua. Wewe ni mke mwenye usafi. Lakini sikilizeni vizuri. Fedha halisi hupata weusi inapokaa miaka mingi. Wanaokusanya sarafu za kale huzitaka zikiwa na hali hiyohiyo. Ukiisugua kwa majivu, unakwangua maandishi na picha, na mkusanyaji atakupa bei ndogo au ataikataa kabisa. Sarafu ya kale haisuguliwi. Hushikwa pembeni, kwa mikono mikavu, na kuhifadhiwa mahali pakavu."

"Kwa hiyo mng'ao si ushahidi?" Rogasian aliuliza.

"Hata bomba la baiskeli mpya hung'aa."

"Basi hii ya Gidioni ni bandia?"

"Sijui. Macho yangu si mizani. Twende Biharamulo mjini kwa Philbert. Ni sonara, na kazi hiyo alifundishwa na mume wangu."

Kesho yake walipanda gari la asubuhi wakaenda. Philbert alimsalimu shangazi kwa heshima, akaipokea sarafu yenye tembo na kuiweka juu ya mizani yake ndogo ya kidijitali. Namba zikatokea.

"Wakia moja ya fedha ni gramu thelathini na moja na kidogo," alisema. "Hii imeandikwa wakia moja. Lakini tazameni wenyewe: haifiki hata gramu ishirini na nne."

Rogasian aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa mizani.

"Labda mizani imekosea."

Philbert hakukasirika. Aliweka kijiwe cha chuma cha kupimia ambacho uzito wake unajulikana. Mizani ikasoma sawasawa. Akairudisha sarafu, nayo ikasoma vilevile.

"Na kama uzito wake ungetimia?" Rogasian aliuliza.

"Ningepima upana na unene. Fedha ni nzito. Anayetumia metali nyepesi zaidi hulazimika kuifanya sarafu iwe nene au pana ili uzito utimie. Vipimo vyote lazima vikubaliane. Baada ya hapo ningeweza kuikwaruza kidogo na kutia dawa ya kupimia fedha, lakini hii si mali yenu, kwa hiyo siikwaruzi. Mrudishieni mwenyewe ikiwa nzima."

"Basi kununua fedha ni upumbavu," alisema Rogasian kwa huzuni.

"Sikusema hivyo, kaka. Wapo wanaonunua sarafu za fedha na kunufaika. Ila hununua katika duka lenye leseni. Hupimiwa mbele ya macho yao. Hupewa risiti yenye uzito, kiwango cha usafi na jina la muuzaji. Tena huuliza swali moja muhimu: nikikurudishia leo hii, utainunua kwa bei gani? Duka huuza kwa bei ya juu na kununua kwa bei ya chini zaidi. Usipoijua tofauti hiyo, unaanza na hasara. Halafu bei ya fedha hupanda, na hushuka pia."

"Inashuka?"

"Inashuka, tena inaweza kukaa chini kwa miaka. Kwa hiyo fedha hununuliwa kwa akiba ambayo hutaihitaji karibuni. Ng'ombe anayekupa maziwa na samadi si akiba ya namna hiyo."

Shangazi alimtazama Rogasian.

Njiani kurudi, Rogasian aliigeuzageuza ile sarafu kiganjani.

"Mama Happyness," alisema hatimaye, "nilitaka kumsaidia mtoto."

"Najua. Ndiyo maana sikukupigia kelele."

"Ulipiga kidogo."

"Kidogo," Eufrazia alikubali.

Jumamosi Gidioni alifika na pikipiki yake nyekundu. Alikuwa na kamba mpya, nene, ya rangi ya buluu. Aliitundika kwenye mlango wa zizi kana kwamba Bihogo tayari ni wake.

"Karibu chai," alisema Eufrazia.

"Asante, mama, lakini nina haraka. Bei inapanda leoleo, na kuna mzee wa Kaniha ananisubiri. Ng'ombe yuko tayari?"

"Ng'ombe yupo," alijibu Rogasian. "Chukua mfuko wako, twende kwa sonara. Sarafu zikipimwa na kutimia, tutazungumza."

"Sonara wa nini tena? Si uliipima kwa sumaku, mzee?"

"Nilipima. Sufuria ya shangazi nayo ilifaulu mtihani huo."

Gidioni alijaribu kucheka.

"Basi tuonyeshe risiti ya mahali ulikozinunua," alisema Eufrazia.

"Risiti ipo kwenye simu. Simu imeisha chaji."

"Tuna sola. Lete tuichaji."

Gidioni aliupapasa mfuko wa shati, akasita. Rogasian alimrudishia sarafu yake yenye tembo. Gidioni aliipokea bila kuitazama, akawasha pikipiki, akasema angerudi na karatasi zote. Vumbi lake lilipotulia, kamba ya buluu ilikuwa bado ikining'inia kwenye mlango wa zizi.

Rogasian alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji. Hakumtukana mtu. Alieleza tu kile ambacho mizani ilisema. Mwenyekiti alipiga simu Kaniha, na yule mzee aliyekuwa akisubiri akaelezwa kabla hajatoa chochote.

Gidioni hakurudi.

Mvua zilipoanza, Bihogo alizaa ndama jike, mwekundu kama mama yake. Eufrazia alilia zizini, kisha akajilaumu kwa kulia mbele ya ng'ombe. Kahawa ilipouzwa, walitenga kwanza mahitaji ya shule ya Happyness. Kwa kilichobaki, Rogasian alikwenda Mwanza, kwenye duka lenye leseni ambalo Philbert alimwelekeza. Alinunua sarafu moja tu ya fedha, ikapimwa mbele yake, akapewa risiti. Imehifadhiwa ndani ya kikasha chake, mbali sana na majivu ya Eufrazia.

Ndama alipoacha kunyonya, walimpeleka Kibimba kwa miguu, wakimwongoza kwa ile kamba ya buluu. Shangazi Domisiana alitoka nje. Alimzunguka ndama, akamshika masikio, akamtazama meno.

"Ndama mzuri," alisema. "Na kamba nzuri. Mmeinunua wapi?"

"Hatukuinunua, shangazi," alijibu Rogasian. "Gidioni aliisahau zizini."

Shangazi aliishika kamba kwa mikono miwili. Akaivuta kwa nguvu, akazichungulia nyuzi zake, akaipima uzito kiganjani kwa muda.

"Hii," alisema, "ni halisi."

Kisha akacheka, mpaka ndama akaruka pembeni.